UKUNGU WA POLISHI HAUTOKI MKONONI MWA KIJANA PEKE YAKE



Mwezi uliopita kijana mmoja wa gereji tunayofanyia kazi alipokea mshahara wake akakuta umepunguzwa shilingi elfu sita. Hakuiba kitu, wala hakukosa kazi hata siku moja. Karatasi ya mshahara iliandikwa neno moja tu: "polishi".

Kisa chenyewe ni hiki. Lililetwa gari dogo jeusi, lenye mikwaruzo ya kuoshwa vibaya, na kijana akaambiwa alipige polishi kwa mashine. Alimaliza jioni. Gari likang'aa, tajiri akalizunguka mara mbili, mwenye gari akalipa na kushukuru. Siku ya nne mwenye gari akarudi kwa hasira. Alikuwa ameliosha nyumbani kwake kwa sabuni, akaliacha juani, na boneti yote ilikuwa kama imepuliziwa moshi. Weusi umekuwa kijivu, na ukiinama kutazama jua ndani ya rangi waona nyuzinyuzi zimezunguka kama utando wa buibui. Ndio huo tunaouita ukungu. Tajiri akasema kijana ameharibu gari la watu, na gharama ya kulirudia itatoka mfukoni mwake.

Mimi nakiri kwamba siku hiyo nilinyamaza. Tena vibaya zaidi, moyoni nilisema kijana hana mkono. Sisi wazee wa kazi tuna tabia ya kudhani kila kosa la kijana ni uvivu. Usiku, nilipoyakumbuka mambo yote niliyoyaona kwa macho yangu siku ile ya polishi, niliona haya. Ndiyo sababu naandika.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe, maana hata katika kazi hii wengi hawakijui. Ukungu si vumbi, wala si maji yaliyoingia katika rangi. Ungekuwa hivyo ungefutika kwa kitambaa. Ukungu wa mashine ni mikwaruzo, ila ni midogo mno na ni mingi mno hata jicho haliwezi kuhesabu mmoja mmoja. Rangi iliyo laini sawasawa hurudisha mwanga upande mmoja kama kioo. Rangi iliyojaa mikwaruzo hiyo huutawanya mwanga huku na huku, na jicho likaona weupeweupe. Kwa hiyo gari jeupe laweza kuwa na ukungu mwaka mzima mwenyewe asijue, na jeusi likakutia aibu siku ile ile jua likitoka.

Mikwaruzo hiyo twaitia sisi wenyewe. Kampaundi ya kukata ni chembe ngumu zilizochanganywa na majimaji na mafuta, na kazi yake ni kula rangi. Huondoa mkwaruzo mkubwa kwa kuacha midogo mahali pake. Mimi sijaona bado fundi aliyekata rangi nyeusi laini kwa kampaundi kali na pedi ya manyoya, akaacha kioo kwa hatua moja. Baada ya kukata lazima ije hatua ya pili: polishi laini, pedi ya sponji laini, mkono mwepesi. Hiyo ndiyo inayoondoa ukungu wa hatua ya kwanza. Ukiiruka hukumaliza kazi, umeiacha njiani.

Sasa sikilizeni siku ile ilivyokwenda. Magari matatu yalikuwa yakingoja. Pedi ya manyoya ilikuwa moja, na jana yake ilikuwa imetumika kwa pikapu nyekundu, na wekundu wake ulikuwa ungali umegandamana katika manyoya. Pedi ya sponji laini ilichanika zamani, ikaandikwa katika daftari la mahitaji, haikununuliwa. Kazi ilifanyiwa uani juani kwa sababu banda lilikuwa limejaa magari ya kunyoshwa bodi. Saa nane msimamizi akaja akasema gari litoke saa kumi na moja, ati hatua ya pili si lazima, lipakwe tu ile polishi ya mafuta ling'ae. Kijana akafanya alivyoambiwa. Na lilipokaguliwa, lilikaguliwa jioni chini ya taa ndefu za dari.

Kila moja katika mambo hayo latosha peke yake kuleta ukungu au kuuficha. Kijana alipewa yote kwa siku moja, kisha akatozwa faini.

Chukueni ile pedi. Pedi inapofanya kazi huokota rangi iliyokatwa na polishi iliyokauka, na takataka hiyo hugandamana ikawa vidonge vigumu. Kila mzunguko vidonge hivyo huchora rangi upya. Fundi adhani anatumia kampaundi ya bei ghali, kumbe kinachogusa gari ni uchafu wa gari la jana. Mimi husafisha pedi kila nimalizapo kipande kimoja cha bodi. Ya sponji kwa brashi laini, ya manyoya kwa upepo wa kompresa, nikiwa nimeziba pua na kukinga macho maana ule unga si chakula. Gari moja lataka pedi kadhaa. Ile iliyolowa na kujaa huwekwa kando, jioni ikaoshwa kwa maji na sabuni na kuanikwa. Na pedi iliyoguswa na kampaundi isitiwe polishi laini hata siku moja. Chembe moja kali iliyobaki ndani yaharibu kazi ya saa nzima. Andika juu ya mgongo wa pedi kwa kalamu: "kali", "laini". Mimi nimefanya hivyo tangu siku nilipoharibu mlango wa gari la harusi, na hadithi hiyo siisimulii hapa.

Juu ya jua sina maneno mengi. Bodi ikiwa ya moto polishi hukauka kabla haijafanya kazi, ikawa unga, na unga hukwaruza. Weka kiganja juu ya boneti. Ikikuchoma, sogeza gari kivulini ungoje ipoe.

Kampaundi nazo si namna moja, na hapa wengi huteleza. Ziko ambazo chembe zake huvunjika kidogo kidogo zinapofanyiwa kazi, zikaanza kali zikamalizia laini. Hizo ukizifuta mapema umezifuta zingali kali, na ukungu umebaki. Yafaa uziendeshe mpaka ule weupe wa polishi uishe na ubaki utando mwembamba kama mafuta. Ziko nyingine ambazo chembe zake hazivunjiki, ni ndogo tangu mwanzo, na kwa hizo mengi huamuliwa na pedi na uzito wa mkono wako. Kwa zote mbili mapito ya mwisho yawe mepesi, mashine ikibebwa kuliko kukandamizwa, na spidi ipunguzwe. Maelezo yako juu ya chupa. Asiyesoma Kiingereza aombe asomewe, si aibu. Aibu ni kukisia.

Halafu iko mashine yenyewe. Ile ya zamani, ambayo pedi yake huzunguka mahali pamoja kama jiwe la kunolea, hukata upesi, lakini ukiiinamisha kidogo ikafanya kazi kwa ukingo wake huacha alama za njia, ambazo juani hutembea pamoja nawe unapolizunguka gari. Mimi nikimalizia kwa mashine hiyo sipiti mizunguko 1,200 kwa dakika, na pedi hulala sawasawa juu ya bodi. Ile ya siku hizi, ambayo pedi huzunguka na papo hapo huyumba milimita 15 au 21, haichori alama hizo kwa urahisi. Lakini msidanganywe na mwenye duka anayesema kwamba kwa mashine hiyo ukungu hauji. Juu ya rangi laini, kwa pedi ya mikrofaiba na kampaundi kali, nayo huleta ukungu wake, vijimkwaruzo vifupi vifupi vilivyotapakaa kila upande. Kwa mashine yoyote fanya kipande kidogo, kisichozidi sentimita 50 kwa 50, kila pito likifunika nusu ya lililotangulia, na usikimbie.

Rangi hazifanani pia. Magari mengi yashukayo bandarini Mombasa yametumika kwanza Japani, na nyeusi za Kijapani nyingi ni laini mno, hata kitambaa kikavu chaweza kuzichora. Upande wa pili, Mercedes-Benz walianza mwaka 2003 kutumia klia yenye chembe ndogo sana za kauri ili isikwaruzike upesi, na klia hiyo huchosha mkono. Fundi aliyezoea kukata ile ngumu akipelekwa kwa nyeusi laini kwa pedi ile ile na kampaundi ile ile, ataitia ukungu ingawa ana ujuzi wa miaka ishirini. Dawa yake ni kujaribu kwanza mahali padogo, kuanzia na kilicho laini kuliko vyote, na kuongeza ukali pale tu panapohitajika. Jaribio hilo huchukua dakika kumi na tano. Katika gereji yetu hakuna dakika kumi na tano.

Mafundi wa kupuliza rangi nao wana ukungu wao, na nautaja kwa sababu lawama yake pia humwangukia mpiga polishi. Klia mpya isiyokauka mpaka ndani ingali na thina ndani yake. Ukiipiga mashine mapema huonekana nzuri siku ile. Kisha thina inaendelea kutoka, klia inanywea, na baada ya siku chache au wiki chache mng'ao unafifia. Hapo si mikwaruzo, ni haraka. Kopo la klia lina maelezo ya muda wa kungoja, na muda huo hubadilika kwa baridi na kwa unene wa klia. Nairobi mwezi wa Julai si Mombasa mwezi wa Februari. Alama za msasa nazo ni hivyo hivyo: ukisugua kwa msasa wa 2000 kisha ukaruka moja kwa moja kwenye polishi laini, alama zake zitabaki chini. Pitisha msasa wa 3000 kwanza, ndipo ukate.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote, nalo ni la kwetu sisi mafundi, si la tajiri peke yake. Ni ile polishi ya mafuta. Mafuta huingia katika mikwaruzo yakaijaza, na ukungu hauonekani. Chini ya taa ndefu za dari, ambazo mwanga wake umetawanyika, gari laonekana kioo. Likioshwa mara mbili tatu kwa sabuni mafuta yatoka, na ukungu uko pale pale ulipoachwa. Kumwuzia mtu mafuta kwa bei ya polishi ni kumwibia, na wako wenzetu wanaojisifu kwamba wanajua kuficha. Watambue kwamba kila gari linalorudi linampa tajiri sababu ya kusema mafundi hawaaminiki, na anayekatwa fedha si yule aliyefundisha ujanja, ni yule wa chini kabisa.

Njia ya kujua ukweli kabla gari halijatoka ni rahisi. Chukua alkoholi ya isopropili, izimue kwa maji nusu kwa nusu au maji yazidi, nyunyiza ya kutosha, ufute polepole kwa kitambaa safi cha mikrofaiba. Mafuta yatoka, na rangi yabaki uchi. Kisha itazame juani, au kwa taa moja kali iliyosimamishwa kando, si ya dari. Ukiona ukungu, rudia hatua ya pili. Usiifanye kwa rangi iliyopulizwa juzi, maana rangi changa yaweza kulainika. Kwa gari lililokauka vizuri jaribio hili ni la lazima, na mimi nasema gari lolote lisiandikwe "limekwisha" kabla ya kufanyiwa hivyo mbele ya msimamizi. Kama msimamizi ameliona uchi akakubali, siku ya nne hawezi kumtupia kijana mzigo.

Na amri ile ya "lipige tena kwa nguvu" ikomeshwe. Klia ya kiwandani mara nyingi ni mikroni 40 hadi 50 tu, yaani nyembamba kuliko unywele mmoja wa kichwa. Kila ukataji mzito huondoa mikroni kadhaa, na kwenye kona na mikunjo ya bodi klia huisha upesi zaidi. Ukungu huondolewa kwa kulainisha, hauondolewi kwa kukata zaidi. Lile gari jeusi lilirudiwa kwa kampaundi kali kwa sababu ya hasira, klia ikaungua kwenye ukingo wa boneti, ikabidi boneti nzima ipulizwe upya. Ile elfu sita ni gharama ya kuipuliza. Basi kijana alilipia kosa lililofanywa na mwingine baada yake!

Je, sheria yasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyo mikononi mwake iliyoharibika au kupotea kwa kosa alilofanya mfanyakazi kwa kusudi. Sheria imesema kwa kusudi. Kijana aliyepewa pedi moja chafu, akanyimwa hatua ya pili na akafuata amri ya msimamizi, kusudi lake liko wapi? Kifungu hicho hicho chasema makato yote kwa jumla yasipite theluthi mbili za mshahara, lakini msikubali mtu awaambie kwamba ati kwa kuwa makato ni chini ya hapo basi ni halali. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Na kama tajiri ataka kumfukuza mtu kwa kazi mbovu, kifungu cha 41 chamtaka amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na kumsikiliza akiwa pamoja na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Kumwita ofisini peke yake na kumpa karatasi ya kutia sahihi hakutoshi.

Najua jibu la matajiri, nimelisikia mara nyingi. Husema fundi mzuri hahitaji vitu vingi, na kwamba mafundi wa jua kali hung'arisha magari chini ya mti kwa pedi moja. Wa jua kali nawaheshimu, nilianza huko. Lakini yule wa chini ya mti hupanga saa yake mwenyewe, na akitaka kusimama aoshe pedi husimama. Sisi saa yetu imepangwa na mwingine. Anayepanga saa, anayenunua pedi na anayechagua mahali pa kazi ndiye mwenye sehemu kubwa ya ukungu ule. Na wala sisemi hivi kwa kumchukia. Sponji laini mbili na brashi moja hazifikii bei ya kupuliza boneti. Hesabu hiyo hata tajiri anaijua akikaa chini kuipiga.

Kwa hiyo naomba chama kidai mambo haya katika mazungumzo ya mkataba ujao, yaandikwe, yasiwe ya mdomo: kila mpiga polishi awe na pedi zake za kukata na za kumalizia, na zinapochakaa zibadilishwe, pawe na kivuli na taa ya kando, kazi ya hatua mbili ihesabiwe saa za hatua mbili, ukaguzi ufanyike baada ya kufuta mafuta, na msimamizi atie sahihi. Na sisi kwa upande wetu tuache ule ujanja wa mafuta, na tuwafundishe vijana badala ya kuwacheka. Yule kijana hakuna aliyemweleza kwamba pedi huoshwa. Nami nilikuwa hatua kumi kutoka kwake.

Katika mkutano wa tawi nitaleta kipande cha boneti nyeusi ya zamani, nusu yake imekatwa kwa pedi chafu na kupakwa mafuta, nusu imefanywa hatua mbili. Nitaleta na taa na chupa ya alkoholi. Mtakapoiona mara ya kwanza hamtajua ipi ni ipi. Aliyekatwa mshahara kwa sababu ya polishi mwaka huu aje na karatasi yake ya mshahara, ampe katibu kabla mkutano haujafunguliwa.

Ni mimi,
Mpiga polishi, tawi la Nairobi